Cha Mjomba Hakivuliwi

Chinongwe, Ruangwa
28 Aprili 2024

Kaka yangu Anuari,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, ila goti la Mama linamsumbua. Anasema linajua majira kuliko redio. Amekuja kutoka Marambo kumwona mjukuu na mpaka leo hajataja kuondoka, na mimi sitaki ataje. Bashiri amemaliza palizi ya ufuta. Anakusalimu, anauliza huko Ujerumani shemeji yake bado anakula ugali au ameshakuwa mtu wa viazi.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu. Simu ya Bashiri ilianguka, siku hizi haisikiki mpaka uweke spika, na ukiweka spika majirani nao wanachangia. Kuna maneno ya ndugu wawili bwana. Mwalimu Ausi akienda Ruangwa mjini ananipelekea posta, na ya kwako ikija kwenye sanduku la shule ananiletea. Usicheke mwandiko. Kidato cha pili ndiyo mwisho wangu, unajua.

Huzaifa sasa anakaa mwenyewe. Ukimweka kwenye mkeka anatulia kama mwenyekiti wa kijiji, anawakagua watu mmoja mmoja. Akimwona baba yake tu uenyekiti unaisha, anarusha mikono.

Kifurushi chako kimefika. Nguo zingine zimemtosha, zingine zinamsubiri. Halafu kile kikopo cha plastiki na kile kijiwe ndani yake. Kaka, sijawahi kuona kitu kama kile. Chembamba kama ukucha uliokatwa, kinang'aa, ukikiinamia unaona jicho lako. Umeandika tu, "Kwa mpwa wangu, kitu cha kazini kwangu." Mama alipokiona machozi yalimtoka. Alisema, "Mjomba amefanya la mjomba." Akatafuta kitambaa cheusi, akakishonea ndani vizuri kabisa, amevaa ile miwani yake ya mguu mmoja.

Bashiri kabla hakijashonwa alikishika akasema, "Hiki kwenye mizani ya ghalani hakisogezi hata mshale." Mama akamjibu, "Mkwe, wewe pima ufuta."

Sasa niambie ni jiwe gani na mnalifanyia nini, ili akikua nimweleze. Mtoto huyu nina matumaini naye mpaka naogopa kuyasema kwa sauti.

Mdogo wako,
Amna


Ujerumani
23 Mei 2024

Mdogo wangu Amna,

Waalaikumu salaam. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, koti bado mwilini. Mwambie shemeji ugali nasonga kila Jumapili, na bibi wa ghorofa ya chini hugonga dari yake kwa fagio kwa sababu ya kelele za mwiko. Goti la Mama mpeleke Nachingwea likaangaliwe, asiendelee kulitumia kama kalenda. Mimi mzima, kazi nyingi, jua dogo.

Umeniuliza jiwe, na umenifurahisha, maana hapa hakuna anayeniuliza, wote wanajua.

Ile ni fuwele ya silikoni. Kumbuka shamba la mikorosho la Marambo, lile alilopanda Baba kwa kamba. Ukisimama mwanzo wa mstari ukachungulia, unaona mpaka mwisho wa shamba. Ukisogea pembeni kidogo, unaona vigogo tu. Fuwele ndivyo ilivyo ndani yake: chembe zake zote zimepandwa kwa kamba, hakuna hata moja iliyotoka nje ya mstari.

Sisi tuna mashine inayokimbiza vitu vidogo mno vyenye chaji ya umeme. Ninavyofanyia kazi mimi vinaitwa positroni. Vinakwenda karibu na mwendo wa mwanga. Tunavielekeza kwenye fuwele, vikaingie katikati ya mistari. Vigogo vya kulia vinavisukuma, vya kushoto vinavirudisha, basi vinapita katikati vikiyumba, kama mtu wa baiskeli aliyeingia kwenye njia yenye kingo. Halafu tunaibana fuwele mpaka inapinda. Mistari nayo inapinda, na positroni inakata kona humo humo! Kipande kidogo kama ukucha kinageuza njia ya kitu ambacho sumaku kubwa kama nyumba inahangaika nacho.

Na kila inapoyumba na kukata kona, inamwaga mwanga usioonekana kwa macho. Huo ndio mionzi. Ni mikali, dada. Inapenya bati, inapenya mtu asijisikie kitu. Ndiyo maana mashine iko chini ya ardhi, kuta nene, na ikiwashwa hakuna anayeruhusiwa kubaki chumba kile. Tukijua kuitawala vizuri, siku moja itasaidia hata hospitalini.

Fikiria, hayo yote yanafanywa na kitu mlichokishika hapo Chinongwe. Mwambie Huzaifa ana kitu ambacho watoto wa matajiri hawana.

Kaka yako,
Anuari


Chinongwe
27 Juni 2024

Kaka Anuari,

Salaam nyingi. Mama hajambo, goti limetulia kiangazi hiki. Ufuta tumeuza. Mikorosho imeanza kutoa maua na Bashiri ameanza kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, yeye na mashine mgongoni tangu alfajiri umande haujakauka. Anarudi wa njano mpaka kope, Huzaifa anamrukia hivyo hivyo. Barua yako ilichelewa, mwalimu Ausi alikuwa kwenye semina.

Kaka, sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, usome taratibu.

Sikukwambia Mama alikishona kitambaa ili kifanywe nini. Nilidhani umejua. Alimvika Huzaifa shingoni, kinamlalia kifuani. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kitu cha kwanza cha mjomba ndicho kinachomshika duniani, sasa wewe ungedhani tutakiweka kabatini? Amekivaa tangu kilipofika. Analala nacho, anakinyonya akiota meno.

Kabla barua yako haijafika mtoto alianza kuwa mwekundu kifuani. Nikasema joto. Halafu ngozi ikaanza kukwaruza, halafu ikabanduka, na macho yakawa mekundu, na kikohozi kidogo kikavu. Alama ya kifuani, kaka, ina pembe nne. Ipo pale pale kinapokaa kitambaa. Ndipo barua yako ikaja. Nikasoma "inapenya mtu asijisikie kitu." Nilikaa chini pale pale mlangoni, mboga ikaungua.

Nilimpeleka zahanati. Nesi Doreen akaniuliza, "Mama Huzaifa, umempaka nini kifuani?" Nikasema sijampaka kitu. Kitambaa nilikuwa nimekificha kwenye pindo la kanga. Akanipa dawa ya kupaka.

Siku moja Mama alipokwenda msibani nilikivua. Nikakiweka jikoni, nikaona hapana, kuna chakula. Nikakipeleka kwenye banda la kuku, nikawahurumia kuku. Mwisho nilikitundika chooni, na choo nacho watu wanaingia! Nilikuwa nazunguka uwanja na kitambaa nimekishika kwa kijiti kama mtu aliyeokota nyoka. Na kesho yake, wallahi, mtoto aliamka mbaya zaidi, kifua kizima. Mama akaona shingo tupu akapiga kelele, "Unamfungua mtoto kwa ruhusa ya nani? Cha mjomba hakivuliwi mpaka mjomba aseme!" Nikamvika tena, nikatoka nje nikalia nyuma ya ghala.

Sasa mimi nimekwama. Kikikaa naogopa mionzi. Kikitoka naogopa nimemkata mtoto na ukoo wake. Bashiri sijamwambia. Nitamwambiaje? Mjomba amemtumia mtoto moto usioonekana?

Niambie jambo moja tu. Jiwe likishatoka kwenye ile mashine, linakumbuka? Maana jiko letu la mkaa nikilizima jivu linakaa na joto mpaka asubuhi.

Amna


Ujerumani
15 Julai 2024

Amna,

Salaam. Sina habari nyingine.

Nilipofungua barua yako nilipiga simu ya Bashiri hapo hapo. Nilisikia watu wengi, nikajua spika. Sikuweza kusema zaidi ya neno moja. Natumaini ujumbe umefika.

Narudia kwa maandishi, mimi Anuari, kaka wa tumbo moja na mama yake, mjomba wa Huzaifa: kivueni. Nimesema. Asomewe Mama maneno haya. Mtoto hajakatwa na chochote, mimi ndiye niliyemshika na bado nimemshika.

Mionzi niliyokuandikia hutoka mashine ikiwa inafanya kazi. Ikizimwa, inakwisha papo hapo, kama taa. Fuwele peke yake ni kama kipande cha kioo.

Kiweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Kiwe mbali na nyumba, mbali na kisima. Mnawe mikono. Usikitupe. Usimpe mtu.

Nitakuandikia tena.

Anuari


Chinongwe
6 Agosti 2024

Kaka,

Waalaikumu salaam, ingawa salamu yako safari hii uliitupa kama mtu anayerusha nauli dirishani. Sisi tupo. Mama yupo. Huyo ninayekuandikia habari zake naye yupo, Alhamdulillah, ila si yule mwenyekiti niliyekusimulia.

Ujumbe ulifika. Bashiri alikuja anacheka. "Kaka yako kapiga niko na wenzangu kijiweni. Hakusalimu hata. Kasema, 'Shemeji, mwambie Amna avue.' Nikamuuliza, avue nini? Kasema, 'Yeye anajua.' Kijiwe kizima kimekufa kwa kicheko. Mama Huzaifa, unavua nini?" Nikamwambia ni mambo ya Mama na kaka, kitambaa cha mtoto. Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya," akaenda kuoga.

Nilikivua saa ile ile. Mama akasema neno la mjomba linakuja na mtu au na karatasi, haliji na spika. Aligoma kula. Barua yako ilipofika nikamsomea, akaishika karatasi, akaigeuza upande wa pili kama ananusa, akasema, "Basi. Amesema." Tangu hapo hajakitaja.

Nimekitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikakipeleka mwisho wa shamba, kwenye kichuguu, nikafunika na jiwe kubwa. Kila nikipita naangalia kama majani ya pale yamekauka. Yamekauka, lakini ni Agosti, kila kitu kimekauka.

Sasa kaka, nisikilize. Mimi sikusoma, ila barua najua kusoma. Mstari mmoja unasema ni kioo tu. Mstari unaofuata unasema mbali na nyumba, mbali na kisima, mnawe mikono. Tangu lini kioo kikawekwa mbali na kisima? Nimesoma mistari hiyo mpaka karatasi imechoka. Nilikuuliza jiwe linakumbuka au halikumbuki. Hukunijibu. Umenijibu taa.

Na mtoto hajapona. Hilo ndilo linaloniua. Kitambaa kimetoka, alama ya pembe nne imefifia, lakini uwekundu umehamia shingoni na kwapani. Macho yanatoa machozi. Kikohozi kipo. Nikasema basi, imeshaingia. Jiwe nimelitoa nje na mionzi yenyewe imebaki ndani. Nikimwogesha natazama nywele kwenye beseni, maana nilisikia redioni mtu wa mionzi nywele hutoka. Unywele mmoja ukiwa kwenye maji nauchukua, nauweka kwenye kiganja, naangalia kama ni wangu au wake.

Niambie ukweli. Nitaubeba. Usichokisema ndicho kizito.

Amna


Ujerumani
24 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salaam kwako, kwa Mama, na kwa shemeji ambaye sijamtendea haki. Umeomba ukweli, chukua.

Jiwe linaweza kukumbuka. Kidogo. Kitu kikikaa kwenye njia ya mashine, kinaweza kubaki na mionzi yake mwenyewe kwa muda, halafu inapungua yenyewe mpaka iishe. Ndiyo maana hapa hakuna kitu kinachotoka chumba kile bila kupimwa.

Kwenye droo yangu kulikuwa na fuwele mbili, zimekatwa kutoka kipande kimoja, zinafanana kama mapacha. Moja ni mpya. Moja ilishapita kwenye njia. Nilimchukulia mpwa wangu ile mpya. Ndivyo nilivyoamini mpaka barua yako ya Juni. Nilipofungua droo, iliyobaki haina alama, na mwenzangu anayetumia droo ile alikuwa amezihamisha kabla sijachukua. Nimekaa na hilo tangu Julai. Kila nilipotaka kukuandikia neno lililofuata lilikuwa "sijui," na sikuweza kulituma kwa mama wa mtoto mgonjwa.

Nimemwambia mkuu wangu, Catherine. Alivua miwani akaniuliza, "Umempa nani? Mtoto?" Sitakuficha, aligomba mpaka watu walifunga milango. Halafu akaipima iliyobaki, ikawa kimya. Lakini ukimya wa hiyo hautuambii kitu: inaweza kuwa ndiyo mpya, au ndiyo ya zamani na imeshapoa. Yeye anasema hata kama mliyo nayo ilipita kwenye njia, positroni zetu ni chache sana, isingeweza kumuunguza mtu. Ameandika mahesabu, nimeyapitia, namwamini. Ila mahesabu si mtoto wako, na sitaki ulale kwa mahesabu yangu.

Bandarini Mtwara kuna ofisi ya serikali inayopima mionzi kwenye mizigo. Pelekeni kopo lile. Mchukueni na mtoto. Waelezeni yote, msifiche kitambaa. Kisha hospitali.

Na mwambie Bashiri. Mimi nimekuwa mjomba nikasahau kuna baba.

Anuari


Chinongwe
18 Septemba 2024

Kaka Anuari,

Nakusalimu kwa salamu za amani. Mama amerudi Marambo, ametuachia wasia mrefu. Mwalimu Ausi anakusalimu, anasema barua zetu zimemfanya awe tarishi bila mshahara.

Barua yako nilimpa Bashiri aisome mwenyewe. Sikuwa na mdomo wa kusimulia. Alisoma amesimama, akaketi, akasoma tena. Nilitegemea ngurumo. Aliuliza tu, "Kopo liko wapi?" Akaenda kichuguuni akarudi nalo, amelishika mbali na mwili, mkono umenyooka. Mwanaume aliyewahi kuua swila kwa jembe, kopo la maziwa linamtisha.

Tulipanda basi la Nachingwea, tukashika la Masasi, mpaka Mtwara. Kopo alikaa nalo yeye nyuma kabisa, mimi na mtoto tukakaa mbele kwa dereva. Watu walidhani tumegombana. Kila basi likiruka shimo nilikuwa nageuka, naye ananipungia mkono, kopo lipo. Huzaifa akakohoa njia nzima. Abiria mmoja akaniambia, "Dada, huyo mtoto ana nini?" Nikamfunika kanga mpaka kidevuni.

Ofisini tulimkuta dada mmoja anaitwa Magreti, mnene, mpole. Nilimweleza yote na sikuficha kitambaa. Hakucheka. Alitoa kifaa kama tochi nene kina waya. Alipokiwasha tu kikaanza, tik, tik tik. Kopo bado limefungwa, lipo kwa Bashiri mlangoni! Nilimkumbatia mtoto nikaanza kurudi nyuma, nikagonga ukuta. Magreti akasema, "Mama, tulia. Hicho kinalia kila siku. Ukuta huu unakiliza, ndizi zinakiliza, hata mimi nakiliza. Dunia nzima ina kidogo. Tunachosikiliza ni kama kitaongeza mwendo."

Kaka, wewe umesoma miaka yote hiyo na hukuniambia hilo.

Bashiri akafungua kopo. Magreti akakisogeza kifaa mpaka karibu kabisa. Mimi nilifumba macho, nikasikiliza. Tik. Tik tik. Tik. Sijui alikaa muda gani pale. Mwendo ule ule. Akakipitisha kwenye kitambaa, mwendo ule ule. Akaja kwa Huzaifa, kifuani, shingoni, tumboni, na mtoto anataka kukila kile kifaa. Mwendo ule ule. Akasema, "Jiwe lenu halina kitu. Na mtoto hana kitu cha mionzi."

Unadhani nilishangilia? Sikushangilia. Niliuliza, "Sasa kinachomla mwanangu ni nini?" Akasema, "Hapo mama nisikudanganye. Mimi napima hiki tu. Nendeni hospitali."

Tukatoka. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi. Woga nilioujua ulikuwa na jina, na sasa hata jina sina. Nilimlaza Huzaifa mapajani nikamfungua shati apate upepo, nikawa naonyesha kwa kidole, hapa shingoni, hapa kwapani, hapa, najisemea tu kama kichaa. Bashiri akawa ananitazama kidole. Halafu akafungua vifungo vyake, pale pale barabarani, watu wanapita.

Shingoni mwekundu. Kwapani mwekundu, ngozi inabanduka. Kaka, ni kama wamechorwa na mkono mmoja.

Akaniambia, "Na hili langu nimelipata kwa mjomba gani?"

Sikuelewa. Akasema, "Salfa. Kila msimu inanichoma tangu kijana, ikikutana na jasho. Macho, shingo, kifua, na kikohozi juu. Ikiisha salfa, inaisha." Nikamuuliza kwa nini hakusema miezi yote hii. Akasema, na hakunyanyua sauti, "Uliniuliza lini? Nikiuliza mtoto ana nini, naambiwa upele wa meno. Nikiuliza kitambaa, naambiwa mambo ya Mama na kaka. Nikajua ugonjwa wa ukoo wenu, una wenyewe. Mimi kazi yangu kumbeba."

Ndiyo, alimbeba. Kila siku anayotoka shamba, wa njano mpaka kope, mtoto kifuani mwake.

Hospitali daktari alithibitisha. Aliomba kile kitambaa cheusi, akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe, ukaanguka unga wa njano. Kilikuwa kimekunywa salfa na jasho na mate, ndiyo maana alama ilikuwa na pembe nne. Na siku ile niliyokivua Bashiri alimbeba mtoto akiwa kifua wazi, ndiyo maana kesho yake akaamka kifua kizima. Mimi nilifikiri ukoo umekasirika. Daktari akatupa dawa ya macho, ya kupaka, na ya kifua. Akasema kwa ukali kidogo, "Baba, oga kwanza. Nguo za salfa zisiingie ndani." Bashiri aliitikia kama mwanafunzi.

Jiwe nimekuwekea. Linakungoja uje ulivike mwenyewe kwa mikono yako akiwa mkubwa, au ulirudishe kwa Catherine, shauri lako. Ila nakwambia kitu, na usikasirike. Mtoto akiumwa tena nitamwambia baba yake kwanza, wewe wa pili. Mama nimemwambia hivyo hivyo. Akasema huyo Bashiri naye ana mdomo, kumbe.

Ngozi mpya imeanza kutoka, laini, rangi yake imepauka kidogo kuliko kwingine. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Macho meupe.

Jana Bashiri amemalizia kupuliza mikorosho ya mwisho. Alipotokea kwenye njia Huzaifa alimwona, akaanza kutambaa kumfuata, mbio, magoti yamejaa vumbi. Bashiri akanyanyua mikono juu kama mtu aliyeshikwa na polisi, akarudi nyuma. "Simama! Mama Huzaifa, mshike mwanao!" Mtoto akaongeza mwendo. Basi yule baba akazunguka nyumba, mtu mzima anamkimbia mtoto anayetambaa, na Huzaifa anacheka mpaka anakosa nguvu, anadhani ni mchezo. Nikamwahi kabla hajamfikia. Alilia akimnyooshea mikono mpaka Bashiri alipotoka bafuni na maji yanamtiririka, akamchukua.

Nami nilicheka, kaka. Lakini walipokaa chini nikasogea, nikainua shati la mtoto, nikatazama kifua. Nikashusha. Nikainua tena.

Mdogo wako,
Amna